Kitabu cha Filomena na Babu Yetu Azzan

Ndugu yangu Hashil ana nyumba ya kulaza wageni pale Birkat al Mauz, Omani, nyumba ya udongo ya zamani aliyoitengeneza upya. Ndani yake kuna chumba cha vitu vya kale, katikati ya chumba kuna kisanduku cha kioo, na mbele ya kisanduku kuna kadi iliyopigwa chapa kwa Kiarabu na Kiingereza. Kadi inasema kwamba kitabu kilichomo ni cha sala za Manasara, cha nyumba ya mfalme wa Ureno. Inasema kilitekwa bandarini Sur na babu yetu Azzan, siku walipofukuzwa Wareno. Nahodha wao alikitupa baharini kisiingie mikononi mwetu, Azzan akajitosa, akakizamia, akatoka nacho kakiuma kwa meno, papa kamfuata mpaka kwenye maji ya magoti.

Kadi ile yote ni uwongo. Nnajua kwa sababu niliutunga mimi.

Niliutunga siku ya Idi, miaka mingi nyuma, barazani kwa Hashil, mbele ya sinia la halwa. Alikuja jirani yake Humaid, mtu wa Birkat al Mauz tangu na tangu, mwenye zamu ya maji ya falaji, ule mfereji wa kunyweshea mashamba, zamu aliyoirithi kwa babu zake na mitende ambayo kila mmoja una jina. Humaid si mtu mbaya. Aliuliza kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyouma. Akasema, "Nyie, jamaa zetu, asli yenu hasa wapi? Maana hapa sisi tunakumbuka mashamba ya watu wote, ila lenu hatulikumbuki."

Hashil akainamisha uso kwenye kikombe cha kahawa. Alikuwa kafika nchi hii ana miaka kenda, kasoma hapa, kaoa hapa, Kiarabu chake hakina hata punje ya Unguja, na bado akiulizwa swali lile. Nikamtazama nikamwonea uchungu. Basi mdomo wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukafunguka, akatoka babu Azzan na kitabu menoni.

Papa nilimwongeza Idi ya pili. Ya tatu akawa na jicho moja.

Babu Azzan wa kweli, baba wa baba yetu, alikuwa mpimaji karafuu Wete. Aliogopa maji mtu yule hata ya ndoo. Akitaka kuoga bibi humshika mkono. Mungu amrehemu, sasa ni shujaa wa bahari ya Sur.

Na kitabu? Kitabu ni cha Filomena.

Filomena alikuwa jirani yetu Vuga, Mgoa, mshoni wa nguo za maarusi. Mama yangu, Asya binti Hud, alijifunza kukata nguo kwake, na wakikaa wawili wale kwenye cherehani moja, mmoja akizungusha mkono na mwengine akiongoza kitambaa, wakisengenya mji mzima bila ya kumkosa mtu. Siku ya Noeli Filomena akituletea vikeki, na kabla hajashusha sahani huapa kwamba hamna mafuta ya nguruwe. Mwanawe, Lusia, alikuwa rika langu. Nilimtia siafu kwenye viatu vyeupe siku ya komunyo yake ya kwanza. Hilo nalitaja kwa sababu litarudi.

Kitabu nilikiona nikiwa mdogo, kwa ruhusa, mikono nimeshaoshwa. Ngozi nyekundu ya mbuzi, laini kama sikio la mtoto. Juu yake taji la dhahabu, chini ya taji ngao, na ndani ya ngao vingao vitano vidogo. Vifungo viwili vya fedha. Na karatasi zake pembeni, pande zote tatu, zimepakwa dhahabu, hata kikifungwa unadhani ni kipande cha mali si kitabu. Filomena alisema, naye hakuwa mwongo kama mimi, kwamba babu wa babu yake alikuwa tabibu, akapelekwa kutoka Goa mpaka Lisboni, akamwuguza binti wa mfalme, naye akampa kitabu chake cha sala. Tangu hapo kila binti wa kwao siku ya ndoa huingia kanisani kakishika. Hakiguswi na mwanamme mpaka bwana arusi amalize kuapa.

Mwaka wa sabini na tatu tukapata njia ya kuja Omani, mama na sisi wanawe wawili, baba kesha fariki. Filomena naye alikuwa njiani kuondoka, lakini alijua forodhani hawamwachii kitu. Walikuwa wakichukua bangili, saa, hata sahani za kauri. Alikuwa na ndugu yake, Bastiani, karani wa duka Matrah, huko huko Omani. Akamwambia mama, "Asya, nichukulie kitabu changu mpe Bastiani."

Mama akafikiri. Halafu akakaa kitako, akakifungua, na kwenye karatasi nyeupe ya mwanzo akaandika kwa kalamu ya tete, kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu. Bismillahi juu, na chini yake maneno yake. Kisha akakitia kwenye mfuko wa kitambaa cha kijani aliokuwa akitilia msahafu.

Forodhani bwana mmoja akauchukua ule mfuko akaufungua. Akaona karatasi ya kwanza, akaona Bismillahi. Nnamkumbuka mpaka leo: alipangusa mikono kwenye suruali, akakirudisha kwa mikono miwili, akasema, "Samahani mama." Mama akasema, "Hukukosea kitu mwanangu." Hapo ndipo nilipojua kazi yangu hii nimeirithi kwa nani. Yeye lakini aliifanya mara moja tu, na kwa haki.

Matrah hatukumkuta Bastiani. Alikuwa kahamia Bahreni, anwani haijulikani. Barua tulizopeleka Vuga hazikujibiwa. Kitabu kikaingia sandukuni kwetu Ibra, tulikokwenda kukaa, na kila Shaaban mama akikitoa, akikipunga upepo, akikirudisha. Hakuna siku aliyosema ni chetu. Alipokuwa kitandani mwaka wa tisini na nne, akanishika kifundo cha mkono. "Marhun, amana ya Filomena nakuachia wewe. Wakija, wape."

"Watakuja lini, mama?"

"Mie sikuuliza lini. Wewe unauliza ya nini?"

Akafa. Na mimi, mtu niliyeendesha gari la maji la serikali miaka thalathini na moja, Ibra, Mudhaibi, Sinaw, nikiwahadithia Mabedui uwongo wa kila rangi huku matangi yao yakijaa, nikashika dini. Ilinishika siku arubaini. Katika siku hizo nikafungua sanduku, nikakitazama kitabu. Nikaona jina la Mungu kwa mkono wa mama yangu, na ukigeuza karatasi tu, sura ya msalaba na Kilatini. Nikaona haifai. Sikumwuliza mtu, maana mimi kila ninachokijua nimejifunza peke yangu na huo ndio msiba wangu. Nikachukua wembe, nikaikata ile karatasi taratibu, na kwa kuwa karatasi yenye jina la Mungu haitupwi, nikafanya kama tunavyofanya: nikaenda juu kabisa ya falaji, kabla ya mahali watu wanapooga, nikailaza juu ya maji safi nikasoma Fatiha. Wino ukaachia kwanza. Karatasi ikaenda nyeupe.

Katika umri wangu wote nimefanya jambo moja la dini kwa hiari yangu, na ni hilo.

Miaka kenda iliyopita Hashil alipofungua nyumba yake akaniomba kitabu. Nilimpa. Nilijidai ni cha kuonyesha tu, na nilijua kuwa hivyo sivyo nilivyoagizwa. Lakini mtu aliyekwisha kuusikia uwongo wake ukirudiwa na shekhe, na mwalimu, na watoto wa skuli waliopangwa mstari, huona kizito kusimama kusema jamani, babu yule hakujua kuogelea.

*

Mwezi wa Novemba uliopita simu ikalia, nami niko uani Ibra nakaanga samaki.

"Marhun? Marhun wa Bi Asya?"

"Nani mwenzangu?"

"Ulinitia siafu kwenye viatu siku ya komunyo. Sasa nani?"

Nikazima jiko. Ilikuwa sauti ya bibi kizee, lakini Kiswahili kilikuwa kile kile cha Vuga, hakijatoka nje tangu siku ile.

Lusia alikuwa Nizwa kwa binti yake, mwalimu wa skuli. Walimtembeza Birkat al Mauz kuona migomba na falaji, wakamwingiza kwenye nyumba ya Hashil wapate kivuli. Akakiona. Akamwuliza msichana wa pale kama kuna mzee yeyote wa nyumba hii anayesema Kiswahili, na msichana, naye ni Alyaa, binti wa Hashil, akampa nambari yangu.

"Nilisimama pale nikakitazama," akasema. "Nikasoma kadi. Marhun, nani huyu Azzan?"

"Ah," nikasema. "Mambo ya kadi hayo."

"Mama kafa mwaka wa themanini na nane, Goa. Ndugu zake walimsema mpaka kaburini, ati kampa Mwarabu mali ya ukoo. Akijibu neno moja tu: Asya hali amana ya mtu. Mimi nimeolewa mikono mitupu. Binti yangu vile vile. Mjukuu wangu anaolewa Januari. Sitaki jengine, nataka aingie nacho."

"Utakipata," nikasema. Na wallahi nilikusudia.

Siku ya pili nikaendesha mpaka Birkat al Mauz, mwendo wa saa moja na nusu. Lusia kesha fika, kakaa majilisini na fimbo yake, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Hashil alimpokea vizuri mno, tende, kahawa, karibu mama karibu. Humaid naye alikuwapo, siku hizi haondoki pale, huwaleta wageni wake mwenyewe akawaonyesha kisanduku, "babu yao huyu." Alyaa akaniamkia, "Shikamoo ami," nami nikaitikia marahaba huku nikimtazama baba yake.

Lusia akaeleza yote, pole pole. Hashil akasikiliza. Mwisho akasema, "Mama, nakuheshimu. Lakini dunia ina vitabu vyekundu vingi."

"Hichi kina karatasi ya mwanzo aliyoandika Bi Asya kwa mkono wake. Mama yangu alikaa pembeni yake akiandika. Fungua tu."

Hashil akanitupia jicho. Akamwambia Alyaa afungue kisanduku. Msichana akavaa glavu zake nyeupe, maana yeye ndiye anayekipangusa kila wiki, akakilaza juu ya mto, akakifungua. Karatasi haikuwapo. Palikuwa na ukingo mwembamba tu, upana wa ukucha.

Hapo ndipo pangetosha. Pale pale ningesema: niliikata mimi, na hivi ndivyo ilivyokuwa imeandikwa. Lakini Lusia alikuwa ananitazama kama mtu aliyekwisha kuvuka mto, kabakisha kiatu kimoja tu ng'ambo. Nikaona haya. Nikasema, "Iko kwangu Ibra. Niliitoa isichakae."

Lusia akashusha pumzi. Humaid akasema, "Subhanallah." Na Hashil akanitazama sana, halafu akasema mbele ya wote, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili, "Basi ilete Ijumaa, kaka. Ikiwa ndiyo, Bi Lusia achukue kitabu chake, na mimi mwenyewe nitambebea mpaka garini."

*

Nilikuwa na siku tatu. Maneno ya mama nilikuwa nayo yote kichwani, hata mahali alipochovya kalamu. Karatasi nilipata nyuma ya kamusi moja kuukuu niliyojisomea nayo, nyeupe tupu, nene. Nikaikata kwa kipimo. Nikaiogesha kwenye kahawa, nikaianika juu ya dari asubuhi, nikaipiga pasi, nikaianika tena. Nikachonga tete. Mkono wa mama naujua: herufi yake ya kafu ina mkia mrefu unaoingia chini ya neno la pili, kama mtu anayenyoosha mguu chini ya meza. Ya kwanza niliharibu, na ya pili. Ya tatu nilipoitazama nililia, maana alikuwa yeye.

*Bismillahi rrahmani rrahim. Kitabu hichi ni amana ya Filomena binti Kaitano, jirani yangu wa Vuga. Mimi Asya binti Hud nimekipokea kwa mkono wangu nimpelekee nduguye Bastiani, Matrah. Nisipomwona, ni cha Filomena na mabinti zake, wala hakirithiwi kwetu. Mungu ndiye shahidi wangu.*

Hapana neno moja la uwongo pale. Uwongo ulikuwa karatasi peke yake.

Ijumaa baada ya sala tukala wali na nyama ya mbuzi, watu kumi na tano hivi. Mikono ikaoshwa, ubani ukapitishwa. Nikatoa bahasha. Humaid akaichukua kwanza, akasoma Bismillahi kwa sauti nzuri, halafu akakwama, herufi anazijua na lugha haijui. Akampa Hashil. Hashil akasoma. Alipofika "wala hakirithiwi kwetu" sauti ikamtetereka, nami nikadhani nimeshinda.

Lusia alikuwa analia kimya, kashika mdomo. "Ndivyo," akasema. "Ndivyo hivyo hivyo alivyonihadithia mama."

"Alyaa," akasema Hashil, "lete kitabu uitie mahali pake."

Akakileta. Akaiweka karatasi yangu juu ya ule ukingo uliobakia. Ilikaa sawa, kipimo nilikipata vizuri. Akafunga jalada. Akakiinua mpaka usawa wa macho yake, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza tena. Mtoto yule hana ubaya wowote. Kazaliwa Nizwa, Kiswahili chake ni cha kuokoteza kwa bibi zake. Akasema, kwa kustaajabu tu, "Ami, mbona hii karatasi hana dhahabu?"

Kila karatasi ya kitabu kile, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, ina dhahabu pembeni. Na katikati ya dhahabu ile, mstari mmoja wa rangi ya kahawa, kama jino bovu. Mimi, niliyempaka dhahabu mpimaji karafuu mzima, nilisahau kuipaka karatasi moja.

 Humaid akaichomoa karatasi, akainusa. "Buni," akasema. "Buni nzuri."

Basi nikasema kweli. Nikasimama nikasema yote, kwa lugha zote mbili, tangu Vuga. Nikasema Azzan hakuwahi kukanyaga Sur. Nikasema mama alivyoandika, na forodhani, na Bastiani, na wembe, na Fatiha niliyoisoma, na karatasi iliyokwenda nyeupe juu ya maji. Nikasema hii nimeighushi lakini maneno ni yale yale. Nikaapa.

Wa kwanza kucheka alikuwa kijana mmoja nyuma. Halafu wote. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama wanavyocheka kila Idi, kwa mapenzi, wakipiga mapaja. "Ya salam, ami Marhun! Karatasi kaitia kwenye falaji!" Humaid alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kilemba chake. "Na papa?" akaniuliza. "Papa umemweka wapi katika hii?"

Lusia hakucheka. Alisubiri mpaka kelele zikatulia.

"Marhun, uliikata kweli, au huu nao ni mwengine?"

"Kweli."

"Na juzi uliposema iko kwako?"

"Nilisema."

"Ukanitazama usoni ukasema."

 Lusia akakunja kitambaa chake cha mkononi mara mbili, mara tatu, mpaka kikawa kidogo kabisa, akakitia mkobani.

Hashil alimpa zawadi, bakuli kubwa la halwa na picha ya kitabu kwenye fremu, picha nzuri, taji linaonekana vizuri. Akamsindikiza mwenyewe mpaka nje, akamshika mkono ngazini. Nikamngoja Hashil kwenye ujia, chini ya ile nyumba, Lusia kesha ingia garini.

"Hashil," nikasema, "mimi sina sura. Lakini wewe ulikuwapo Vuga."

Akatazama huku na huku. Halafu akasema kwa Kiswahili, kile chake cha utotoni, ambacho hakitumii mbele ya watu: "Nilikuwa nimekaa chini ya cherehani, nacheza na vifungo. Nilimwona mama akiiandika. Nilimwona akiipuliza ikauke."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Mpe kitabu chake!"

"Wewe ulinipa babu, Marhun. Sikukuomba. Nimekaa nchi hii miaka ishirini na tano ni mtu aliyeshuka na ndege. Tangu siku ile ni mtu aliyetoka baharini Sur na kitabu menoni. Humaid kanipa zamu ya maji kwenye falaji yao. Unaijua maana yake? Wanangu wameozwa humu. Leo nimtoe babu, nimrudishe Wete na mizani yake, niwaambie tulikuja na mfuko wa msahafu na ndani ni mali ya Mgoa?"

"Kitabu chenyewe kimechapwa zaidi ya miaka mia baada ya Wareno kuondoka. Imeandikwa pale mbele, nambari za Kirumi. Siku moja atakuja mtu anayezisoma, atakucheka."

"Kina miaka kenda pale. Nani kacheka?" Akaninyooshea kidole, si kwa hasira, kwa uchovu. "Hata ungeleta ile karatasi yenyewe, kaka. Baada ya leo hata ungeileta yenyewe." Akapanda ngazi kurudi kwa wageni wake.

Nilimrudisha Lusia Nizwa kwa gari langu. Fremu kaiweka mapajani, uso chini. Tulipokaribia ngome akasema, "Mama hakuwahi kusema Bi Asya kala. Hata siku moja."

"Hakula. Mimi ndiye—"

"Nakusikia." Kidogo akasema tena, "Siku ya siafu, uliapa si wewe. Uliapa kwa msahafu."

"Nilikuwa na miaka minane."

"Najua ulikuwa na miaka mingapi. Tulikuwa rika."

Nikamtolea ile karatasi niliyoiandika. Nikamwambia aichukue, ampe mjukuu, maneno ni ya Bi Asya kila moja, naapa. Akaishika, akautazama ule mkia mrefu wa kafu. Nilimwona anataka. Halafu akaiweka juu ya kiti, akaiwekea na halwa juu yake isipeperuke, akafungua mlango.

"Ningependa kukuamini, Marhun," akasema. "Wallahi ningependa."

Fremu aliichukua. Harusi ilikuwa Januari. Sikusikia neno.

Idi hii iliyopita walinikalisha tena barazani kwa Hashil, sinia la halwa katikati. Siku hizi hawaulizi habari za papa. Wanasema, "Ami Marhun, tuhadithie ile ya bibi wa Kigoa." Nami nawahadithia, kama ilivyokuwa, bila ya kuongeza wala kupunguza, ndiyo hadithi pekee nisiyoigusa. Na kila nikifika kwenye falaji wanacheka mpaka wanalala.

Ile karatasi ya kahawa iko kwenye droo ya gari, chini ya leseni. Ni ya uwongo na sitaki kuiona. Lakini juu yake nimeandika Bismillahi kwa mkono wangu, siwezi kuitupa. Na kwenda nayo kwenye maji, mara hii, miguu imekataa.